Shajara ya mradi: kuzuia upasuaji uliopangwa usifutwe asubuhi

Shajara hii ni ya kikosi cha thieta katika hospitali ya umma mjini Mombasa. Ndani yake wamo wauguzi wa thieta na wa wodi, watoa dawa ya usingizi, madaktari wa upasuaji, msimamizi wa chumba cha kutakasia vyombo na karani wa orodha. Inahusu upasuaji wa kupangwa tu: ngiri, mabusha, uvimbe wa kizazi, tezi dume, goita, mifupa isiyo ya dharura, mafindofindo ya watoto. Wenzetu wa Kwale, Kilifi, Lamu na Taita Taveta watachukua kinachowafaa na kuacha kingine, maana kila thieta ina vyake.

Januari, wiki ya kwanza: tunahesabu nini

Kabla ya kuzuia chochote ilibidi tukubaliane upasuaji "uliofutwa" ni upi. Tulikubaliana hivi: orodha ya kesho inafungwa saa nane mchana leo. Aliyekuwemo kwenye orodha saa hiyo, na kesho ikaisha bila kupasuliwa, amefutwa, sababu iwe yake, yetu au ya Mungu. Dharura haziingii popote kwenye hesabu. Orodha ikiwa na majina 8 na wakapasuliwa 6, kiwango ni asilimia 25, hata kama siku hiyo hiyo thieta ilipokea kina mama wanne wa dharura na kila mtu akarudi nyumbani hoi.

Hila yote iko kwenye saa ya kufunga. Orodha ikifungwa baada ya raundi ya asubuhi, wale walioondolewa alfajiri hawaonekani kabisa. Takwimu inapendeza na mgonjwa ameshinda na njaa bure. Ndiyo maana kulinganisha hospitali mbili kwa asilimia peke yake hakuna maana mpaka ujue kila moja inafunga orodha saa ngapi.

Siku za mgomo tumeamua kuziandika kando. Mgomo wa madaktari wa 2017 ulimalizika baada ya siku 100, na ule wa 2024 ulichukua siku 56. Siku kama hizo orodha haifutwi, haipo. Ukizichanganya na siku za kawaida, huwezi tena kuona kama simu ya jioni au kliniki ya maandalizi imesaidia.

Rejista mpya ina safu tatu kwa kila aliyefutwa. Ya kwanza ni sababu iliyosemwa. Ya pili ni kilichoisababisha. Ya tatu ni swali: hili lingejulikana lini mapema zaidi? Inajazwa siku hiyo hiyo kabla ya zamu kuondoka, na anaijaza muuguzi wa thieta pamoja na wa wodi, wote wawili. Ikijazwa Ijumaa kwa wiki nzima, safu ya pili hunakiliwa kutoka ya kwanza na rejista inakuwa pambo.

Januari, wiki ya tatu: "muda umeisha" si sababu

Rejista ya zamani ilikuwa na maneno matatu yanayojirudia kurasa kwa kurasa: muda umeisha, mgonjwa hakufika, presha imepanda. Ya kwanza ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo inayoficha zaidi. Muda huisha kwa sababu mgonjwa wa kwanza aliingia saa tatu u nusu badala ya saa mbili, fomu yake ya ridhaa ikitafutwa. Au seti ya tumbo, yaani kifurushi cha vyombo vya kupasulia tumbo, ilifunguliwa ikakutwa na unyevu. Au orodha ilikuwa ya kazi ya saa kumi na mbili ikabanwa ndani ya siku ya saa nane tangu ilipoandikwa, na aliyekuwa wa mwisho hakuwa na nafasi yoyote tangu jana yake. Huyo hakufutwa saa tisa alasiri. Alifutwa pale kalamu ilipoandika jina lake.

Safu ya tatu ndiyo iliyotupa mwelekeo. Majibu yake mengi hayasemi "asubuhi" wala "jana". Yanasema "kliniki". Presha ilikuwa juu siku ya kliniki na hakuna aliyeipima. Damu ilikuwa chini. Simu iliyoandikwa ilikuwa ya binamu aliyehamia Malindi. Mchango wa bima ulikuwa haujalipwa. Asubuhi ya upasuaji haizalishi matatizo haya, inayakuta tu, tena wakati ambapo hakuna tena la kufanya isipokuwa kufuta. Kwa hiyo kazi kubwa ya mradi ni kuhamisha maswali kutoka asubuhi hiyo hadi siku ambayo bado kuna muda wa kurekebisha.

Orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, yenye mambo 19, tunaitumia na hatuigusi. Ila inasomwa mgonjwa akiwa tayari mezani. Inalinda uhai wake. Haikuundwa kulinda ratiba.

Februari, wiki ya kwanza: maandalizi yaanze siku ya uamuzi

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuwaita wote siku mbili kabla ya upasuaji. Limekataliwa. Siku mbili hazitoshi kushusha presha wala kupandisha damu, na mtu wa Kinango analipa nauli mara mbili. Sasa maandalizi yanaanza siku ile ile daktari anaposema "utapasuliwa": mgonjwa anatoka chumba cha daktari anaingia chumba cha pili kwa muuguzi, kabla hajapewa tarehe. Tarehe anaitoa muuguzi baada ya kujaza fomu.

Presha inapimwa mgonjwa akiwa amekaa dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo, na kitambaa cha kipimo kiwe cha saizi yake. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba za kutisha zisizo za kweli. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2016 na vyama vya wataalamu wa usingizi na wa presha unasema asiye na rekodi za karibuni aendelee na upasuaji wa kupangwa akiwa chini ya 180 kwa 110. Anayetoka zahanati na rekodi ya chini ya 160 kwa 100 ndani ya miezi kumi na miwili iliyopita asisumbuliwe tena. Namba hizi tumezibandika ukutani kwenye kliniki na kwenye chumba cha mapokezi cha thieta, kwa sababu wengi waliokuwa wakirudishwa nyumbani walikuwa na 165 kwa 95 na woga. Neno la mwisho ni la mtoa dawa ya usingizi, lakini sasa anatakiwa aandike namba aliyoiona, si "presha imepanda" tu.

Kiwango cha damu kinapimwa siku hiyo hiyo. Wanawake wenye uvimbe wa kizazi ndio wanaotushughulisha hapa, kwa kuwa wametoka damu miezi mingi kabla hawajafika. Kidonge kimoja cha madini ya chuma cha miligramu 200 kwa siku, akimeza vizuri, hupandisha kiwango kwa karibu gramu 2 kwa desilita katika wiki tatu hadi nne. Kimezwe mbali na chai. Hili la chai halina budi kusemwa wazi, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa, na mji huu hakuna anayemeza dawa asubuhi bila kikombe pembeni. Tarehe ya upasuaji inawekwa baada ya kupima tena.

Dawa zinaandikwa kwa majina, na mgonjwa aje na pakiti zake. Za presha kwa kawaida zinaendelea hadi asubuhi ya upasuaji, isipokuwa zile za jamii ya enalapril na losartan, ambazo mtoa dawa ya usingizi mara nyingi huomba ziachwe siku moja kabla. Metformin, ya sukari, haimezwi asubuhi hiyo. Warfarin, ya kuzuia damu kuganda, huachwa siku tano kabla, kwa mpango na daktari aliyeiandika. Mtoto mwenye homa na kikohozi chenye makohozi anasogezwa angalau wiki mbili, na mzazi anaambiwa apige simu mtoto akianza kukohoa, asisubiri kuja naye.

Swali la muguka na miraa linaulizwa bila kukunja uso. Majani haya yana kemikali za jamii ya amfetamini. Yanapandisha presha na mapigo ya moyo, na yanaweza kugongana na dawa za thieta kama ephedrine. Aliyekesha akitafuna analetwa mlangoni na mapigo 120 na mtoa dawa anamrudisha, tena kwa haki. Ukimuuliza kwa sauti ya kuhukumu, atakwambia hatumii.

Hina si sababu ya kumrudisha mtu. Ile nyeusi, piko, inaweza kusumbua kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Kipimo kihamie kwenye ncha ya sikio, basi.

Bima: tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, asiye na ajira rasmi huchangia kwa mwaka, na upasuaji unahitaji idhini ya mapema. Muuguzi anahakikisha usajili kwa *147# mgonjwa akiwa bado kitini, na karani anaomba idhini tarehe ikishapatikana. Tusingoje asubuhi.

Februari, wiki ya tatu: simu ya jioni

Ujumbe mfupi wa simu peke yake haukutosha. Unapelekwa kwenye namba, haupelekwi kwa mtu. Namba nyingi ni za mtoto, jirani au duka la karibu. Sasa anapiga muuguzi wa wodi, kati ya saa tisa alasiri na magharibi, baada ya orodha kufungwa. Fomu ina namba mbili, na ya pili iwe ya mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa.

Kanuni ya simu ni moja: usiulize swali la ndiyo au la. Ukisema "umeelewa kwamba hutakiwi kula?", utajibiwa "naam, nimeelewa", na kesho utamkuta ameshakula. Hivi ndivyo inavyopigwa:

"Salaam aleikum. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Napiga kutoka wodi ya upasuaji. Kesho ni zamu yako, inshallah. Leo usiku utakula nini, na saa ngapi?"

"Wali na samaki, baada ya isha. Halafu alfajiri chai yangu ya maziwa na hamri moja tu, nipate nguvu za kupanda feri."

"Wali kula, mama, mwisho saa nne usiku. Ile chai ya maziwa na hamri usitie mdomoni kabisa. Ukitaka kahawa tungu isiyo na maziwa, au maji, kunywa, mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Na kidonge cha presha kimeze kwa funda la maji."

"Kidonge nacho? Mie nilijua siku hiyo ni marufuku kila kitu."

Hapo zimeokolewa sababu mbili za kufutwa kwa simu ya dakika tatu. Kuhusu saa zenyewe: maji na kahawa isiyo na maziwa hukoma saa mbili kabla ya dawa ya usingizi, maziwa ya mama saa nne kabla, chai ya maziwa, uji au mlo mwepesi saa sita kabla, chochote cha mafuta au nyama saa nane. Hamri limekaangwa, mbaazi zina nazi. Yote mawili ni ya saa nane. Uji, hata mwembamba kama maji, unahesabiwa mlo.

Chakula tunakikomesha kwa wote usiku, kwa kuwa mpangilio wa orodha hubadilika na aliye wa nne anaweza kuvutwa akawa wa pili. Maji ni tofauti. Kumnyima maji mtu wa saa sita mchana tangu usiku wa manane, katika joto la kaskazi, ni kumletea mtoa dawa mgonjwa mkavu ambaye mishipa haionekani na presha inaporomoka baada ya sindano ya mgongo. Muuguzi wa wodi ana karatasi yenye saa ya mwisho ya maji kwa kila jina, naye huzibadilisha saa hizo orodha inapobadilika.

Jambo dogo lililokuwa likiturudisha nyuma: kadi ya kuja iliandikwa 7:00, na wako waliofika saa saba mchana, tena kwa wakati. Sasa kadi inasema "saa moja asubuhi" kwa maneno.

Wa ng'ambo ya Likoni hawapangwi wa kwanza. Foleni ya feri asubuhi haina mwenyewe, na barabara ya Dongo Kundu haimfai asiye na gari. Ama analazwa usiku uliotangulia, ama anawekwa wa tatu. Nafasi ya kwanza ni ya aliyelala wodini, na huyo wa kwanza tunamthibitisha jana yake: ridhaa imesainiwa, damu iko, seti imeonekana kwa macho, upande wa upasuaji umewekwa alama. Siku ikianza na mtu huyu saa mbili kamili, nusu ya ugomvi wa mchana haupo.

Ramadhan

Tunauliza kliniki, hatukisii. Wako wanaotaka wasogezwe baada ya Idi, na wako wanaosema mgonjwa ana ruhusa na siku atalipa. Wote wawili wanapewa tarehe inayowafaa. Tatizo halisi ni daku. Aliyekula wali wa nazi saa kumi u nusu alfajiri hawezi kulazwa mezani kabla ya saa sita u nusu mchana. Hivyo simu ya jioni mwezi huu inaongeza swali: "utakula daku?" Anayeamua kufunga hadi dakika ya mwisho na kupasuliwa alasiri atafika bila tone la maji tangu alfajiri, kwa hiyo dripu inatangulia.

Machi, wiki ya pili: hesabu ya dakika

Hapa ndipo tulipobishana zaidi, na hoja nyingi zilikuwa za heshima kuliko za saa. Siku ya thieta ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, dakika 480. Daktari akisema ngiri "ni dakika arobaini na tano", anasema kweli, ila anapima kisu hadi mshono. Thieta inapimwa mlango hadi mlango. Chukua mfano: sindano ya mgongo na kusubiri ishike, 20, kuosha ngozi na kufunika, 10, kisu hadi mshono, 45, kumhamisha, 10, usafi na kuandaa meza mpya, 15. Jumla 100. Orodha ya ngiri tano zilizoandikwa "saa moja moja" inaonekana kama dakika 300 na nafasi tele, kumbe ni 500, na wa tano hana pa kuingia.

Ngiri nne, basi: 400. Je, zile 80 zilizobaki ni za kupoteza? Hapana. Tuseme kila upasuaji unayumba dakika 25 juu au chini ya wastani wake. Kuyumba kwa upasuaji mwingi hakujumlishwi moja kwa moja. Kunazidishwa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kwa nne ni mara mbili, yaani dakika 50. Mia nne na hamsini zinaingia, na zinabaki 30 za pumzi. Orodha iliyojazwa kwa wastani hadi dakika ya 480 kamili itapitiliza karibu siku moja kati ya mbili, hata kila mtu akifanya kazi yake barabara. Hakuna mkemeo utakaobadilisha hilo.

Karani sasa anaandika dakika za kila jina kutoka kwenye rejista ya thieta yenyewe, kwa kila aina ya upasuaji na kwa kila daktari. Mwanafunzi akishika kisu, dakika huongezwa tangu mwanzo. Upasuaji usiotabirika, kama tumbo lililowahi kupasuliwa na kushikana ndani, haukai mwanzo wa orodha ndefu: ukiyumba, unawayumbisha wote walio nyuma yake. Watoto na wenye sukari hutangulia. Kidonda chenye usaha hukaa mwisho.

Machi, wiki ya nne: seti yenye maji

Mchana mmoja wa wiki hii seti ya tumbo ilifunguliwa mezani na kitambaa cha ndani kikawa na doa la unyevu ukubwa wa kiganja. Seti ya namna hiyo haitumiki, hata kama utepe wa kuonyesha joto umegeuka rangi kama inavyotakiwa. Utepe unasema tu kwamba kifurushi kilipita kwenye moto. Unyevu ni njia ya vijidudu kupenya kutoka nje hadi ndani.

Tulifuata njia yake nyuma. Otoklevu yetu, mashine ya kutakasia vyombo kwa mvuke, ni ya kawaida, isiyovuta hewa kwa pampu. Hiyo, hupika seti zilizofungwa kwa nyuzi 121 kwa dakika 30, kisha ikaushe dakika 15 hadi 30. Kinachotokea siku ya haraka ni kwamba kukausha ndiko kunakokatwa. Mlango unafunguliwa, seti inatolewa ikifuka mvuke na kuwekwa juu ya meza ya chuma iliyo chini ya kiyoyozi. Mvuke ulio ndani unakutana na baridi, unageuka maji. Sababu nyingine: seti nzito kupita kiasi, na mwongozo unaokubalika ni isizidi kilo 11.3, mabakuli yaliyolazwa chali yakashika maji, vifurushi vilivyobanana bila nafasi ya mvuke kupita.

Hatua zilizochukuliwa: mlango huachwa nafasi ndogo dakika 10 baada ya mzunguko kuisha kabla ya kutoa chochote, seti hupoa kwenye rafu ya waya iliyotandikwa kitambaa, mbali na kiyoyozi, si chini ya nusu saa, bila kuguswa, mabakuli husimama kwa ubavu, seti kubwa ya tumbo imegawanywa mbili. Stoo ni kazi ngumu zaidi. Unyevu wa hewa kwa vifurushi vilivyotakaswa usizidi asilimia 70, na Mombasa unyevu huo huupati kwa kufungua dirisha. Kipimo cha unyevu kimetundikwa, na msomo unaandikwa asubuhi na jioni.

Kuna hesabu ya seti pia. Kuosha, kukagua, kufunga, kupika, kukausha na kupoza ni kazi ya saa tatu kwa uchache. Ukiwa na seti mbili za tumbo na orodha ina matumbo matatu, la tatu lina saa yake ya kuanza, upende usipende. Karani anapanga orodha akiwa na idadi ya seti mbele yake, na kila aina ibaki na seti moja isiyoguswa kwa ajili ya dharura.

Aprili: nguo, damu

Masika yameanza na gauni hazikauki. Hesabu inayofaa ni mafungu matatu: moja linatumika, moja linafuliwa, moja liko rafuni, wakati wa mvua tunaongeza la nne. Mashine ya kukaushia inapewa nguo za thieta kwanza, mashuka ya wodi baadaye. Wodi wamelalamika, na wana haki ya kulalamika.

Damu imetuchukua muda mrefu zaidi. Desturi ilikuwa kuomba chupa mbili kwa kila upasuaji wa tumbo, kwa tahadhari. Chupa zinatengwa kwa jina, hazitumiki, na mgonjwa wa jirani anafutwa kwa kukosa damu ilhali friji imejaa damu ya watu wasiohitaji. Sasa upasuaji umegawanywa: unaohitaji kundi la damu kujulikana na sampuli kuhifadhiwa tu, na unaohitaji chupa zilizolinganishwa. Ngiri na busha havimo kwenye kundi la pili. Kulinganisha kikamilifu huchukua hadi saa moja, kwa hiyo sampuli ifike maabara jana yake, si saa moja asubuhi. Chupa iliyotoka kwenye friji na haikuanza kutumika irudi ndani ya dakika 30. Ikipita hapo haitumiki tena.

Ndugu wa kuchangia wanaambiwa siku ya kliniki. Mwanamume huchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Walioahidi wanaandikwa majina na wanaelekezwa waende wiki moja kabla, maana damu iliyotolewa leo hupitia vipimo kabla haijaruhusiwa kwa mtu. Katika Ramadhan uchangiaji ulihamishiwa baada ya tarawehe, jambo lililopokewa vizuri kuliko kuwaomba watu waliofunga mchana.

Mei, wiki ya kwanza: dharura na kikao cha saa saba

Dharura si ajali ya ratiba. Zinakuja kila siku. Kisichojulikana ni saa tu. Tunatumia mgawanyo wa ngazi nne wa NCEPOD, shirika la Uingereza linalochunguza ubora wa huduma kwa wagonjwa: ya papo hapo, ya haraka, ya kuharakishwa na ya kupangwa. Faida yake ni kwamba ngazi ya tatu, kama mfupa unaoweza kungoja siku moja au mbili, haiingii kwa nguvu saa tano asubuhi na kumtoa mtu wa orodha kwa sababu tu faili lake limewekwa mezani na mtu mwenye sauti kubwa. Inapewa nafasi ya kesho, imeandikwa.

Meza moja imetengwa kwa dharura tangu asubuhi. Siku meza hiyo inapokosa wahudumu, orodha ya kupangwa inapunguzwa dakika 90 mapema, jana yake, badala ya kungoja iporomoke.

Saa saba mchana kuna kikao cha dakika tano, wamesimama: msimamizi wa thieta, mtoa dawa, daktari, muuguzi wa wodi. Swali ni moja kwa kila aliyebaki: ataanza na kumaliza kabla ya saa kumi? Jibu likiwa hapana, anaambiwa saa hiyo hiyo, anapewa chakula, na hatoki wodini bila tarehe mpya. Uingereza inataka aliyefutwa siku ya mwisho kwa sababu isiyo ya kitabibu apewe tarehe ndani ya siku 28. Sisi tumejiwekea kanuni nyepesi kutamka na ngumu kutimiza: aliyefutwa mara moja anarudi akiwa wa kwanza au wa pili, na hafutwi mara ya pili bila sahihi ya mkuu wa upasuaji. Sahihi hiyo imefanya kazi kuliko mabango yote.

Nafasi ikitokea kabla ya saa sita, karani anafungua orodha ya akiba: watu wa Kisauni, Changamwe na kisiwani, waliokamilisha maandalizi, wanaoweza kufika ndani ya saa moja na nusu. Hawaambiwi wafunge kila siku wakingoja. Anayepigiwa anaulizwa alikula nini na lini. Asiyefaa saa hiyo anabaki akiba, hapotezi zamu.

Mei, wiki ya tatu: vilivyo mezani

Oksijeni: mtungi mkubwa wa lita 6,800, kwa lita 5 kwa dakika, unatosha dakika 1,360, chini kidogo ya saa 23. Mshale ukiwa nusu, gesi ni nusu. Msomo unaandikwa saa nane mchana, orodha inapofungwa, kwa mitungi yote pamoja na ya akiba.

Jenereta inawashwa kila Jumatatu saa kumi na mbili u nusu asubuhi, ikiwa imebeba mzigo wa thieta kamili, si kuungurumishwa tu bila kazi. Kuna tofauti.

Kitanda cha chumba cha mahututi kinathibitishwa jana yake kwa jina, na kinathibitishwa tena saa moja asubuhi kabla mgonjwa hajapewa dawa yoyote. Hapa safu ya tatu ya rejista bado inajibu "asubuhi", na hatujapata njia ya kuirudisha nyuma, kwa kuwa kitanda kilichokuwa wazi jioni huchukuliwa na ajali ya usiku. Kinachojaribiwa sasa ni kutopanga wawili wanaohitaji kitanda hicho siku moja, na kumweka anayekihitaji Jumanne au Jumatano, mbali na ajali za mwisho wa wiki.

Yanayofuata: mpira wa mlango wa otoklevu ubadilishwe kabla ya Juni, kliniki ya maandalizi iongezewe siku ya Alhamisi kwa watoto peke yao, fomu ya simu ya jioni ichapwe upya ikiwa na swali la daku, la muguka na la namba ya pili.